Jamani, hakuna kuzoom mpaka uione atomi

Hili swali naulizwa na wageni wa maabara, wanafunzi, mpaka mashemeji: "hiyo hadubini yenu inazoom mara ngapi?" Haizoom. Haina hata lenzi.

Watu wanaamini ukipata lenzi kali zaidi na zaidi mwishowe utaiona atomi, kumbe kinachokwamisha ni mwanga wenyewe. Mwanga wa macho una urefu wa wimbi wa nanomita 400 hadi 700 hivi (nanomita ni mita moja ukiigawa mara bilioni), atomi haifiki hata nanomita moja, kwa hiyo mwanga unaipita kama wimbi la bahari linavyopita kijiti kilichochomekwa mchangani, halina habari nacho. Hadubini ya kawaida inaishia nanomita 200 hivi, hata ulipie lenzi mamilioni.

Mwaka 1981 wanafizikia Gerd Binnig na Heinrich Rohrer, maabara ya IBM karibu na Zurich, walitengeneza chombo kisichotumia mwanga kabisa, kinaitwa STM, ndiyo hadubini kama hii yetu, na 1986 wakapewa Nobel. Ni ncha ya chuma, kali mpaka kileleni inabaki kama atomi moja, unaisogeza karibu na sampuli bila kugusa, chini ya nanomita moja, unaweka volteji kidogo na elektroni zinapenya mwanya ambao kwa fizikia ya sekondari zisingevuka. Ncha ikirudi nyuma nanomita 0.1 tu, mkondo wa umeme wa hizo elektroni unashuka kama mara kumi. Basi kompyuta inaipandisha na kuishusha ncha ili mkondo usibadilike, inaandika kila kimo, mstari baada ya mstari, halafu inachora. Zile picha za vilima vya bluu na dhahabu mnazosambaza WhatsApp ni jedwali la namba lililopakwa rangi, na rangi kachagua mtu. Na hivyo vilima sio mipira, ni elektroni zilivyokaa pale juu, ndio maana kwenye grafiti (kaboni ya penseli) mara nyingi unaona nusu tu ya atomi za juu, nusu nyingine ipo hapohapo na haijitokezi.

Na msidhani vifaa vyote ni vya ajabu. Ncha ya platinamu na iridiamu tunaikata kwa koleo huku tunavuta, grafiti tunaibandua kwa selotepu, halafu mtu anabamiza mlango koridoni na mstari wote umeharibika. Sasa mgeni anakuja anataka "kuchungulia kidogo", achungulie wapi?

Mimi ukiniletea picha ya atomi naangalia kwanza kama ina mstari wa skeli pembeni, ule unaoonyesha ukubwa halisi. Kama haina, sihangaiki nayo.

Mengine haraka haraka. "Nano ni kitu kilekile ila kidogo": wapi! Chembe za dhahabu za nanomita 20 zikiwa ndani ya maji zinatoa wekundu uliokolea, mwanasayansi Michael Faraday alishalichunguza hilo miaka ya 1850.

"Chanjo za korona zina roboti za nano": zile za mRNA zina vijipira vya mafuta vya nanomita 100 hivi, havina injini wala antena, tuache.

"Chipu ya nanomita 3 ina transista za nanomita 3": hilo ni jina la kibiashara tu, geti moja (sehemu ya transista inayowasha na kuzima) hadi jingine ni zaidi ya nanomita 40, lakini muuza simu hawezi kukwambia hivyo.