Kominka Haidumu Bila Moto

Nimeulizwa tena kama ni kweli kwamba Japani inagawa kominka, yaani nyumba za kale za mbao vijijini, na kama inatosha kuchukua moja, kung'oa irori (meko ya kuni yaliyochimbwa sakafuni), kuweka jiko la gesi na kuwakaribisha wageni, ili urithi uhesabiwe kuwa umefufuka. Kuhusu nyumba tupu nitasema kwa ufupi: hesabu ya makazi ya mwaka 2023 ilipata takriban milioni 9, lakini karibu nusu yake ni za kupangisha, nyingi zikiwa fleti za mijini, wala si kominka zenye boriti nyeusi. Linaloniudhi ni hilo la irori, kwa sababu nyumba nilizoitwa kuzikarabati zimeoza kwa kosa hilohilo.

Irori si pambo la sebuleni. Katika nyumba za gassho, zenye paa mfano wa viganja vilivyounganishwa kwa sala, za vijiji vya milimani vya Shirakawa-go na Gokayama, zilizotambuliwa na UNESCO mwaka 1995, paa lenye mwinamo wa takriban digrii 60 huezekwa kwa nyasi, na kenchi zake hufungwa kwa kamba na vijiti vinyumbufu viitwavyo neso, bila misumari. Moshi hupanda kupitia orofa za juu, walikofugwa viwavi wa hariri, ukakausha nyasi, ukafukuza wadudu na kuzipaka kamba masizi yanayozilinda. Paa la namna hiyo hudumu miaka 30 hadi 40, kisha kijiji kizima huliezeka upya kwa ujima uitwao yui. Moto ukizimwa, unyevu wa theluji na wa mvua za Juni hubaki ndani ya nyasi, na hakuna dawa ya dukani ninayoiamini kuchukua nafasi ya moshi.

Moto huo ndio pia uliozaa chakula cha mahali. Mkoani Akita, kaskazini mwa Japani, ambako theluji huwahi na jua la kuanikia ni haba, figili zilitundikwa juu ya irori zikakaushwa kwa moshi, kisha zikachachushwa katika pumba za mchele. Hiyo ndiyo iburigakko. Milimani, mbegu chungu za mti uitwao tochi haziliki mpaka ziondolewe ukali kwa majivu ya kuni, ndipo zitwangwe pamoja na mchele wa kunata kuwa kitafunwa kiitwacho tochimochi. Jiko la gesi halitoi moshi wala majivu, kwa hiyo anayeng'oa irori amefunga pia mlango wa vyakula hivi, halafu hushangaa mgeni anapokula figili ya kiwandani chini ya paa la kale.

Sheria nayo imebana. Tangu Juni 2021 watengenezaji wa achari, iburigakko ikiwamo, wanahitaji leseni na chumba cha kazi kinachotimiza masharti, na muda wa kujiandaa ulikwisha Mei 2024. Sababu yake si ndogo, kwani mwaka 2012 huko Hokkaido watu 8 walikufa baada ya kula achari ya kabichi yenye bakteria. Hata hivyo, mkulima wa miaka 80 asiye na mrithi, hata akisaidiwa sehemu ya gharama, haoni sababu ya kujenga chumba kipya, na baadhi yao Akita wameacha kazi hiyo.

Nina shaka zangu pia. Moshi huumiza macho na mapafu, na wanawake waliokaa kando yake kila siku walikuwa na haki ya kulifurahia jiko la gesi. Siwezi kumwambia mtu aurudie kwa ajili ya mapenzi yangu kwa nyasi. Vilevile siamini kwamba moto wa saa mbili unaowashwa kwa ajili ya wageni unatosha, hasa upande wa kaskazini wa paa, usiopata jua.

Kwa hiyo mimi humwuliza mwenye nyumba kwanza ni nani atakayewasha moto kila siku, na ni nini kitakachotundikwa juu yake majira ya baridi. Asipokuwa na jibu, humshauri afunike nyasi kwa bati, kama zilivyofanya familia nyingi za vijijini, kisha tunaendelea na kuta.