Upawa ulioyeyuka kama sukari

Kijana ninayefanya naye kazi aliniletea upawa wa stili uliolika mdomo hadi ukabaki mwembamba kama karatasi. "Fundi, alumini tunaichota ikiwa nyuzi 700. Stili haiyeyuki mpaka ipite 1,400. Huu umeyeyukaje?"

Nililipenda sana swali lile. Kiswahili kina neno moja kwa mambo mawili: barafu huyeyuka kwa joto, sukari huyeyuka ndani ya chai. Upawa ule uliyeyuka kama sukari. Alumini ya moto hukinyonya chuma kidogo kidogo, na hasara haiishii kwenye upawa. Chuma kilichonyonywa kimo humo humo kwenye alumini; ikipoa, hujenga vibamba vyembamba vigumu, na kifaa ulichosubu, yaani ulichomimina kwenye kalibu, huvunjika kirahisi.

Kwa hiyo stili ngumu zaidi si dawa. Dawa ni kuzuia visigusane: paka upawa rangi ya grafaiti au ya boroni naitraidi, vitu ambavyo alumini ya moto haivishiki, ukaushe kabisa, upashe moto, ndipo uchovye. Usiruke hatua ya kukausha, nakusihi. Unyevu ukizamishwa chini ya metali hugeuka mvuke ghafla na kuirusha metali usoni kwa mtu.

Zinki nayo hula chuma, lakini kwa nyuzi 450 hula polepole, kwa sababu tabaka linaloota juu ya chuma hukikinga. Iache ipande kukaribia 500, tabaka hilo hubanduka na sufuria huliwa bila kizuizi. Kipimajoto kibovu ndicho kinachoua sufuria.

Mchanga ni ugonjwa mwingine kabisa. Silika, madini yaliyo mengi kwenye mchanga, ina ugumu wa 7 katika kipimo cha Mohs, kinachopima ugumu wa madini toka 1 hadi 10; inaikwaruza stili ya kawaida bila shida, na hapa ndipo ugumu unaposaidia: chuma cha kusubu chenye kromu nyingi hudumu. Stili ya manganizi, aliyoivumbua Robert Hadfield wa Uingereza mwaka 1882, huwa ngumu kwa kupigwa. Kwenye taya za kuvunjia mawe ni bora. Mchanga ukiteleza tu juu yake, huisha upesi.

Ukitaka kujua ni ugonjwa upi, futa kifaa na ukitazame kwenye mwanga. Mchanga huacha michirizi inayong'aa, yote ikielekea upande mmoja. Hewa ikikigusa chuma chenye joto la kupita nyuzi 570 huacha magamba meusi yanayobanduka kama ganda la mti. Alumini huacha mashimo laini yenye madoa ya fedha.

Upawa wa yule kijana nimeutundika juu ya ndoo ya rangi, mdomo ukitazama chini.