Usiniulize tu unakosea nyuzi ngapi

Kila anayetaka mtambo wa kutafuta mwelekeo wa mawimbi ya redio huanza na swali hilohilo: "Fundi, huu unakosea nyuzi ngapi?" Kosa la nyuzi 1, yaani digrii moja, kwa umbali wa kilomita 10 ni mita 175 hivi, kwa hiyo swali ni la haki. Ila namba ya kwenye kipeperushi hupimwa uwanja wazi, na sisi wa Moshi tuna mlima, makorongo na mabati.

Mimi huilinganisha mitambo siku moja, kwa transmita moja ya megahezi 150, mahali pawili. Kwenye tambarare ya miwa, Arusha Chini, yote hukaribiana. Tukipanda Kibosho ndipo inapoachana.

Mtambo wa aina ya Doppler wa bei nafuu una antena nne juu ya gari, zinazowashwa kwa zamu kana kwamba ni moja inayozunguka. Mwangwi, yaani wimbi lililogonga kitu na kurudi, ukitoka ukingo wa korongo, taa zake za kuonyesha mwelekeo huruka huku na huku. Zikiruka nashukuru, maana najua kuna tatizo. Ninachoogopa ni zikitulia tuli upande usio wenyewe.

Yagi ya mkononi, antena ya vijiti inayoelekezwa upande mmoja, haifichi: sauti hupanda pande mbili, nawe unajua upande mmoja ni mwangwi. Usikimbilie kilele cha sauti, kwa kuwa ni kipana mno. Geuka kushoto hadi sauti ififie, soma dira. Geuka kulia hadi ififie kiasi kilekile, soma tena. Mwelekeo uko katikati. Kwa antena ya kitanzi tafuta kimya, yaani upande ambao sauti hupotea, maana kimya ni chembamba kuliko kilele.

Interferomita ni mtambo unaopima fezi, yaani wimbi moja linavyopishana likifika kwenye antena kadhaa, na kuilinganisha na jedwali lililopimwa awali; duara la antena zake likiwa pana huustahimili mwangwi vizuri zaidi. Lakini jedwali ni la gari lile lile, jinsi lilivyo. Tuliwahi kufunga tairi la akiba kwenye keria baada ya kupima, majibu yote yakapinda.

Kuna pia njia ya kulinganisha muda wa wimbi kufika vituoni. Mikrosekunde 1 ni mita 300, na mawimbi ya kola za redio wanazovishwa wanyama hubeba upana mdogo mno wa masafa kupimwa hivyo. Anayefuata kola porini bado nampa Yagi. Anayesaka redio inayoingilia masafa mjini, interferomita, na keria aiache nyumbani.