Intaneti ya Mombasa haishuki kutoka angani
Barazani kwetu Mji wa Kale, mtandao ukizorota tu utasikia: "Leo mawingu, setilaiti haishiki." Juzi ami yangu aliyasema tena, kikombe cha kahawa chungu mkononi. Namheshimu sana ami, lakini hapo sikukubaliana naye.

Zamani ilikuwa kweli. Kabla ya 2009, Kenya ilitegemea setilaiti kufikia intaneti ya dunia. Setilaiti hizo hukaa kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta. Ujumbe kupanda na kushuka huchelewa, na bei yake ilikuwa ya kuumiza. Mwaka huo nyaya za SEACOM na TEAMS zikafika hapa hapa Mombasa kupitia baharini. EASSy ikafuata 2010. TEAMS inatoka Fujairah, Falme za Kiarabu, mwendo wa kilomita 5,000 hivi.

Ndani ya waya mna nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, na picha ya mjukuu aliye Dubai inapita humo kwa mwanga. Simu yako huongea na mnara kwa mawimbi ya redio; kutoka hapo, safari ya ng'ambo karibu yote ni ya waya. Setilaiti zipo bado, na zinawafaa walio mbali na minara.

Mei 2024, EASSy na SEACOM zilikatika, intaneti ikazorota Kenya na Tanzania. Mbingu hazikuwa na kosa. Ilibidi meli maalumu iende, ivue waya kutoka chini ya bahari, mafundi waunge uzi mmoja mmoja.