Je, Wajua Kwa Nini Gitaa Kavu la Zamani Hulia Tofauti na Jipya?

Usiku mmoja wa mwezi wa Julai, katika ukumbi mdogo hapa Dodoma, umeme ulikatika onesho likiwa katikati. Mpigaji alikuwa na magitaa makavu mawili jukwaani: jipya lililong'aa kama kioo, na kuukuu ambalo ubao wake wa mbele ulikuwa umegeuka rangi ya asali na kubanduka vanishi chini ya tundu, pale kidole cha mwisho cha mkono wa kulia kinapoegemea. Mpaka wakati huo alikuwa akiyabadilisha wimbo hadi wimbo, na kupitia spika sikio langu halikuona tofauti kubwa. Taa zilipozimika alisogea ukingoni mwa jukwaa, akakaa kwenye kiti, akapiga lile kuukuu bila chombo chochote cha kukuza sauti, kisha kwa ombi la waliokaa mbele akarudia wimbo uleule kwa lile jipya. Hapo tofauti ikawa wazi kwa kila mtu. Nyuzi nene za gitaa la zamani zilitoa sauti yenye kina, nyembamba zikalia kama kengele ndogo, na kila noti iliitika mara tu kidole kilipogusa uzi, ilhali jipya lilisikika kama mtu anayeimba akiwa amejifunika shuka.

Tangu usiku ule nimekuwa nikilifuatilia swali hili kwa bidii: umri unalifanyia gitaa nini hasa, na kwa nini spika ziliificha kazi hiyo?

Kwanza tukumbuke kwamba uzi wenyewe hausikiki. Aliyewahi kuketi karibu na mpiga zeze wa Kigogo anajua kwamba uzi ukiondolewa kwenye kibuyu chake hutoa kijisauti cha mbu. Kibuyu ndicho kinachousukuma mlio hewani, na kwa zeze na ilimba, ala ya vipande vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, mwanamuziki Hukwe Zawose aliupeleka muziki wa Wagogo kwenye majukwaa ya dunia. Katika gitaa kavu, ambalo wazee wa muziki wa dansi hadi leo huliita galatoni, kazi ya kibuyu hufanywa na sanduku la mbao, na zaidi ya sehemu nyingine zote hufanywa na ubao wa mbele. Ubao huo kwa kawaida ni wa sprusi, mti wa nchi za baridi ulio jamaa ya misonobari, na unene wake haufiki hata milimita nne. Nyuzi sita za chuma huuvuta kwa nguvu inayolingana na uzito wa zaidi ya kilo 70, yaani kana kwamba mtu mzima ananing'inia hapo mchana na usiku kwa miaka yote ya uhai wa gitaa. Fundi akiufanya ubao mnene, gitaa litadumu lakini litakuwa bubu. Akiufanya mwembamba kupita kiasi, litaimba vizuri kisha daraja linalozishika nyuzi litang'oka. Mafundi wote wa magitaa hufanya kazi kati ya hatari hizo mbili.

Sasa umri unaingia hapo. Mbao zimejengwa kwa vitu vitatu vikubwa: selulosi, ambayo ni kama nondo zinazoupa mti uimara, lignini, inayoshikamanisha kama saruji, na hemiselulosi, iliyo katikati yao na yenye tabia ya kunyonya unyevu wa hewa kuliko zote. Kadiri miongo inavyopita, hemiselulosi huvunjikavunjika taratibu, utomvu uliobaki ndani ya ubao hukauka na kuwa mgumu, na ubao hupungua uzito kidogo huku uimara wake ukibaki karibu vilevile. Ubao mwepesi usiopoteza uimara ndio hasa anaoutafuta fundi, kwa sababu hutikisika kwa nguvu ndogo na haumezi mtikisiko huo upesi, hivyo noti huitika haraka na kudumu zaidi. Jambo hili si hadithi ya wakusanyaji wa vitu vya kale. Siku hizi viwanda kadhaa huoka mbao mpya katika tanuri zenye hewa kidogo ya oksijeni ili kuharakisha mabadiliko ya namna hiyohiyo, na ubao huo uliookwa hutoka na rangi ya kahawia inayofanana na ile niliyoiona ukumbini.

Hata hivyo, ningekuwa napotosha kama ningeupa umri sifa zote. Magitaa ya zamani yanayosifiwa sana, kwa mfano yale ya Martin, kampuni ya Marekani iliyoanza mwaka 1833, yalijengwa kwa namna ya pekee tangu siku ya kwanza. Ndani ya ubao wa mbele kuna fito zilizopangwa kwa umbo la herufi X, na hadi mwaka 1944 kampuni hiyo ilikuwa ikizichonga fito hizo na kuzipunguza katikati ili ubao upate uhuru wa kutikisika. Wapigaji walipozoea kufunga nyuzi nene zaidi, kuchonga huko kuliachwa kwa sababu magitaa yaliyorudishwa kutengenezwa yalikuwa yakizidi. Kwa hiyo gitaa la mwaka 1938 halina umri mkubwa tu kuliko la mwaka 1950, lilizaliwa jepesi. Isitoshe, magitaa mabovu ya enzi hizo yalitupwa au yakawa kuni, na yaliyotunzwa ni yale ambayo mtu aliyapenda kiasi cha kuyahifadhi. Tukilinganisha ya zamani na mapya, mara nyingi tunalinganisha mateule na kundi zima.

Masikio yetu nayo yanahitaji kutahiniwa. Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya jaribio la watafiti Claudia Fritz, Joseph Curtin na wenzao, ambapo wapiga fidla 21 waliovishwa miwani ya kuwazuia kuona walipewa fidla mpya na za kale, zikiwemo za Stradivari, fundi maarufu wa Italia wa zama za kale, na wengi wao walichagua mpya. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, waliwapa wapiga gitaa 52 magitaa sita yaliyotofautiana kwa mbao za nyuma na ubavuni tu; bei ya mbao haikulingana na kile walichokipenda. Nayasoma matokeo hayo kwa heshima, ingawa hayagusi ubao wa mbele uliozeeka, ambao ndio kiini cha swali letu. Yananifundisha kufumba macho kabla ya kusifu.

Kuhusu mbao za nyuma, inafaa kusema jambo moja linalotuhusu. Mti wa Brazili uliotumika katika magitaa ya thamani hadi miaka ya 1960, Dalbergia nigra, ambao tangu mwaka 1992 biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku isipokuwa kwa kibali maalumu, ni ndugu wa mpingo wetu, Dalbergia melanoxylon. Wapo mafundi wa ng'ambo wanaotengeneza migongo ya magitaa kwa mpingo, mti mzito kiasi cha kuzama majini.

Turudi Dodoma, kwa sababu hali ya hewa ya huku hufanya watu wengi wachanganye mambo mawili. Kuanzia Mei hadi Novemba mvua karibu haipo, upepo wa Julai na Agosti hukausha midomo, na gitaa lolote, la mwaka jana au la mwaka 1938, hulia kwa ukali na uwazi zaidi kuliko lilivyolia Machi. Huko ni kukauka kwa msimu wala si kuzeeka, na mvua za Desemba zikirudi ubao hunywa unyevu na sauti hufifia tena. Kwa mbao changa mabadiliko hayo ni makubwa, kwa sababu hemiselulosi yake bado ni nzima. Tangu mwaka 2024, kwa treni ya umeme, gitaa huondoka kwenye jasho la Dar es Salaam na kushushwa Dodoma, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa muda usiofika saa tano. Ubao husinyaa kwa upana kuliko urefu; ukizuiwa na gundi na fito, huchanika kufuata nyuzinyuzi zake. Dalili huja mapema kwa anayejua kuzitafuta: pitisha kiganja kando ya shingo, na ukihisi ncha za freti, vile vyuma vyembamba vilivyopachikwa kukatiza shingo, zinakwaruza kama meno ya msumeno, shingo imeshaanza kusinyaa. Jina la galatoni lenyewe linatokana na Gallotone, chapa ya Afrika Kusini; gitaa la aina hiyo ndilo alilolipiga John Lennon ujanani mwake Liverpool, na ndani yake ilibandikwa karatasi ya kuahidi kwamba halitapasuka. Aliyeiandika alijua hofu ya kila mnunuzi wa nchi yenye hewa kavu.

Na spika je? Magitaa mengi ya jukwaani hufungwa pikapu, kifaa kinachogeuza mtikisiko kuwa mawimbi ya umeme ya kupelekwa kwenye spika, chini ya kifupa cha daraja, pale nyuzi zinapokanyaga. Pikapu hiyo husikia zaidi mgandamizo wa nyuzi na kusikia kidogo sana hewa inayosukumwa na ubao mzima, kwa hiyo miongo minane ya kukomaa hubaki nje ya waya. Maikrofoni iliyowekwa mbele ya gitaa ingeichukua sauti ile, lakini ubao mwepesi unaotikisika kirahisi huitikia pia sauti inayorudi kutoka kwenye spika, na ghafla ukumbi mzima hupigiwa mluzi. Fundi mitambo mwangalifu anaweza kuidhibiti hali hiyo katika ukumbi wa watu 80. Katika uwanja wa watu elfu kadhaa sioni njia. Ndiyo maana nashauri anayetaka kulisikia gitaa la zamani akae safu ya mbele, kwenye onesho dogo.

Umeme uliporudi usiku ule, waliokaa mbele walimwomba mpigaji asiunganishe waya, naye akamaliza nyimbo tatu za mwisho hivyohivyo. Watu walipoanza kutoka nilimwona akifuta nyuzi kwa kitambaa kikavu, kisha akatoa kisanduku cha sabuni kilichotobolewa matundu, chenye sifongo lililoloweshwa na kukamuliwa, akakiweka chini ya kichwa cha gitaa kuukuu na kufunga kasha. Halafu akatoa kisanduku cha pili, kwa ajili ya lile jipya.