Usichome viota vya maji moto: dhana potofu kuhusu wadudu wa miti ya matunda

Msimu wa maembe ukikaribia hapa Tabora, wapo wanaowasha vienge na kuchoma viota vya maji moto, wale sisimizi wekundu, mwembeni. Inaniuma kuona hivyo, maana wanaoteketea ni walinzi wa mti.

Dhana: Maji moto wanaharibu maembe.

Ukweli: Sisimizi hawa wekundu wanaoshona majani kuwa viota huwinda wadudu wengine. Anayeharibu embe ni inzi wa matunda, hasa yule wa kutoka Asia aliyegunduliwa Tanzania mwaka 2003. Jike hutoboa ganda na kutaga mayai. Ukilikata embe unakuta funza. Maji moto huzunguka juu ya tunda na kumfukuza kabla hajataga. Hata wakiondoka, harufu waliyoiacha humfanya inzi aliepuke tunda hilo. Utafiti uliofanyika kwenye miembe ya Benin umeonyesha hivyo. Kusini mwa China, wakulima wa machungwa walikuwa wakinunua viota vya jamaa za maji moto zaidi ya miaka 1,600 iliyopita.

Wanauma, tena vikali. Mchumaji ajipake majivu mikononi na miguuni. Kasoro yao kubwa zaidi ni kwamba huwalinda vidung'ata, wadudu wadogo weupe wanaonyonya mimea, ili wapate utomvu mtamu wanaoutoa, kwa hiyo mti wenye vidung'ata wengi uangaliwe kwa karibu.

Dhana: Ukipiga dawa mara nyingi, wadudu wataisha.

Ukweli: Dawa ya kupuliza juu ya ganda haimfikii funza aliye ndani ya tunda. Inawafikia buibui, maji moto na wadudu kibibi, wale wa mgongo wa duara wenye madoa. Mwaka 1888 wadudu kibibi walipelekwa California kutoka Australia, wakaiokoa michungwa iliyokuwa ikimalizwa na wadudu wanyonya utomvu. Miaka ya 1940 wakulima wa huko walipopuliza dawa ya wadudu iitwayo DDT, wadudu kibibi walikufa na wale wanyonyaji wakarudi kwa wingi. Na sisi wa Tabora tunaokula asali tukumbuke kwamba nyuki nao wanafuata maua ya mwembe. Dawa ikipulizwa wakati wa maua inawaua.

Dhana: Kila nyigu ni wa kuuawa.

Ukweli: Wapo nyigu wadogo kuliko punje ya mchele, wasiomdhuru mtu, wanaotaga mayai ndani ya wadudu waharibifu. Muhogo wa Afrika uliokolewa na mmoja wao aliyetoka Paraguay, akaachiwa Nigeria mwaka 1981 kupambana na vidung'ata.

Dhana: Ukiwa na walinzi hawa, huna kazi nyingine shambani.

Ukweli: Funza hutoka kwenye embe lililoanguka, hujichimbia udongoni na kuibuka inzi. Okota maembe yaliyoanguka kila siku, uyafukie kina cha nusu mita au uyafunge kwenye mfuko mweusi wa plastiki na kuuacha juani mpaka funza wafe.