Kanisa lisiloruhusiwa kuwa na kengele

Kazi yangu ni usanifu wa majengo ya zamani, na nikifika kwenye kanisa lolote Katoliki katika Jimbo Kuu la Birmingham, Uingereza, kwanza natazama juu. Lina mnara? Lina kengele?

Sheria ya 1791 ndiyo iliyowarudishia Wakatoliki wa huko ruhusa ya kusali hadharani, baada ya marufuku ya zaidi ya miaka 200. Iliwapa na masharti: kanisa lao lisiwe na mnara wala kengele, na mlango usifungwe kwa kufuli wakati wa ibada. Kabla ya hapo misa ilikuwa ya kujificha. Pale Wolverhampton, Giffard House ilijengwa karne ya 18 kwa sura ya nyumba ya mwenye mali. Mpita njia asingejua kwamba ndani kuna altare. Hata Kanisa la Watakatifu Petro na Paulo, lililojengwa miaka ya 1820, liliwekwa nyuma ya nyumba hiyohiyo. Wageni hawakai sana hapo. Mimi hukaa, maana kuta zile zilijengwa na watu ambao wazazi wao walizoea kusali huku wakisikiliza nyayo za nje.

Sasa nenda mji wa Cheadle, katika jimbo hilohilo, kwenye Kanisa la Mtakatifu Giles. Pugin, msanifu Mwingereza aliyeingia Ukatoliki akiwa kijana, alilijenga kuanzia 1841 hadi 1846 kwa fedha za Earl (mtu wa tabaka la makabaila) wa Shrewsbury. Mnara wake unafika takriban mita 60. Milango ya magharibi ni myekundu, na juu yake wamesimama simba wa dhahabu, nembo ya ukoo wa Earl. Ndani, nguzo, kuta na dari vyote vimepakwa rangi na nakshi, na sakafu ni ya vigae vya maua. Mara ya kwanza nilishindwa kuandika chochote kwa nusu saa.

Pugin aliamini kwamba tao lililochongoka la Kigothiki, mtindo wa Ulaya ya enzi za kati, ndilo la Kikristo, na mitindo ya Kigiriki na Kirumi ni ya kipagani. Hapo simfuati. Kanisa la Wolverhampton ni la mtindo huohuo alioukataa, na imani iliyolijenga ilikuwa imelipiwa gharama kubwa.

Katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Chad, mjini Birmingham, Pugin alitenga altare na waumini kwa uzio wa mbao zilizochongwa. Mwaka 1967, baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, uzio huo uliondolewa, na leo uko katika kanisa la Kianglikana mjini Reading. Nia ya kuwasogeza watu karibu na altare naielewa, lakini pengo lile bado linaniuma.

Parokia nyingi hazikuwa na Earl. Zilijengwa kwa matofali na michango ya wafanyakazi wa viwandani, wengi wao Waayalandi. Mnara usingewezekana, basi fundi aliacha tundu juu ya ukuta wa mbele, akaning'iniza humo kengele moja.